Uikamue Prosesa au Ununue SSD? Hesabu ya Mtu wa Kilwa

Mwezi wa pili, kaskazi imepoa na bati linawaka, nilifungua kompyuta ya shemeji yangu mwenye steshenari hapa Kilwa Masoko. Kijana mmoja alikuwa amemwahidi kwamba kwa elfu hamsini ataikamua prosesa, mashine iruke kama mpya, naye alitaka kauli yangu kabla ya kutoa hela. "Shemeji, hii imechoka," aliniambia, "bora aikamue tu." Nikatoa skrubu, nikang'oa feni. Kati ya mapezi ya hitsinki vumbi lilikuwa limeshikamana na unyevu wa chumvi mpaka limekuwa kama sufi ya mto wa zamani. Pasta ya joto, ile inayopakwa juu ya prosesa, ilibanduka vipande vipande kama chokaa ya ukuta.

"Haijachoka shemeji, imekabwa pumzi."

Tuliisafisha kwa brashi, tukapaka pasta mpya kiasi cha punje ya mbaazi, tukarudisha feni. Kabla ya hapo, ukiipa kazi nzito, prosesa ilikuwa inafika nyuzi 97. Baada ya hapo haikuvuka 75. Hatukuiongezea kasi hata kidogo zaidi ya ile iliyotoka nayo kiwandani, ila iliacha kujipunguza. Prosesa ya Intel ikikaribia nyuzi 100 hujishusha kasi yenyewe isiungue, na mwenye mashine haambiwi. Anachoona ni kwamba inajivuta.

Ahadi kama ile ya elfu hamsini nimeisikia zaidi ya mara moja, Masoko na hata Lindi mjini, na wanaopewa ni watu wanaohesabu kila shilingi: wenye steshenari, vijana wa video za harusi, walimu. Inaniuma, maana hela ile ile ikienda mahali pake inafanya kazi kubwa. Basi tuhesabu.

Kukamua prosesa, ambako mafundi wanakuita kuovakloki, ni kuilazimisha ifanye kazi kwa kasi kubwa kuliko aliyoiandika mtengenezaji. Si kila prosesa inakubali. Za Intel zinazokubali kwa kawaida zina herufi K mwishoni mwa jina: i5-2500K ya mwaka 2011, i7-4790K ya 2014, au i5-13600K ya karibuni. Na hiyo K peke yake haitoshi, kwa kawaida inataka mazabodi yenye chipseti ya familia ya Z, kama Z97 au Z790. Sasa angalia zinazoshuka huku kutoka Kariakoo. Nyingi ni mtumba wa maofisi ya Ulaya na Marekani. Chukua Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 yenye i5-3470. Prosesa haina K, chipseti ni Q77, biosi haina mahali pa kugusa kasi, na saplai ya kile kisanduku chembamba ni wati 240 tu. Mashine hiyo ni nzuri kwa kazi za ofisi, naiheshimu, lakini mlango wa kuikamua umefungwa tangu kiwandani. Anayekwambia ameikamua, huenda alichobadilisha ni mpangilio wa umeme ndani ya Windows, kitu unachoweza kukibadilisha mwenyewe bure kwa dakika moja.

Kwa AMD mambo ni mapana zaidi. Prosesa za Ryzen karibu zote hazina kufuli, ila mazabodi ya A320 hairuhusu. Unahitaji B450, B550 au kubwa zaidi ya hizo.

Kwa hiyo anayetaka kukamua kweli anaanza na manunuzi: prosesa ya K na mazabodi ya Z, hitsinki kubwa ya mnara, saplai ya kuaminika ya wati 600 na zaidi, na kasha linalopitisha hewa. Ukivinunua vipya, kwa kizazi cha karibuni, mashine nzima hupita milioni mbili. Ukienda kwenye mtumba utapata kwa bei ya chini, lakini hutajua aliyekutangulia aliichemsha kiasi gani, na dhamana haipo. Hata kwa mpya, Intel na AMD wote wanaeleza kwamba uharibifu unaotokana na kukamua haumo ndani ya dhamana yao.

Watu wengi wanaogopa bili ya umeme, na hapo ndipo hesabu ilinishangaza mwenyewe. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa mraba wa volti. Ukitoka gigahezi 4.0 kwa volti 1.20 ukaenda gigahezi 4.5 kwa volti 1.35, kasi imeongezeka asilimia 12 na nusu, ila umeme na joto vimeongezeka kama asilimia 42. Prosesa iliyokuwa inakula wati 85 sasa inakula 121. Ukijumlisha upotevu wa saplai, ukutani inazidi kama wati 45. Ifanye kazi nzito saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: ni uniti 9 na ushee. Kwa mteja wa umeme wa daraja la T1, anayelipa kama shilingi 356 kwa uniti ukiweka VAT na tozo, hiyo ni kama shilingi 3,300 kwa mwezi. Ni hela ya soda chache. Aliye kwenye D1 nyumbani aangalie tu asivuke uniti 75, maana zinazozidi hapo zinatozwa kwa shilingi 350 badala ya 100, kabla ya kodi na tozo.

LUKU basi si kikwazo. Kikwazo ni joto, na joto la pwani yetu halifanani na la mtu aliyeandika maelekezo unayoyasoma mtandaoni. Yeye amekaa kwenye chumba cha nyuzi 21. Feni na hitsinki haziwezi kuipoza prosesa chini ya hewa ya chumba. Zinachofanya ni kuisogeza karibu na hewa hiyo. Kila nyuzi moja inayopanda chumbani inapanda karibu nyuzi moja kwenye prosesa. Prosesa yake ikisimama kwenye 78, kazi ile ile, hitsinki ile ile, kwenye chumba chako cha bati chenye nyuzi 33 itasimama kwenye 90. Ile nafasi aliyobaki nayo ya kuongeza volti, wewe umeshaimaliza kabla ya kuanza.

Na hapa kuna mtego ninaoomba wasomaji wa Kilwa na Lindi waushike. Ukikamua mashine mwezi wa saba, kusi linavuma na usiku unajifunika shuka, itapita kila jaribio. Utafurahi, utaisahau. Kaskazi ikirudi, Desemba mpaka Machi, mashine ile ile itaanza kuzima yenyewe katikati ya kazi na utalaumu virusi. Kwangu mimi mashine iliyopimwa wakati wa kusi peke yake haijapimwa.

Dawa ya kiyoyozi nayo ihesabiwe. Kiyoyozi kidogo kikila wastani wa wati 800 kwa saa zile zile 8, siku 26, ni uniti 166, karibu shilingi 59,000 kwa mwezi. Ukiwa nacho tayari kwa ajili ya wateja, vizuri. Ukikinunua ili prosesa ipate asilimia 12, umeuza ng'ombe kununua kamba.

Chumvi ndiyo gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Mashine iliyokamuliwa inavuta hewa nyingi, feni zinazunguka kwa kasi, na kila hewa ya ufukweni inayopita inaacha unyevu na vumbi. Nimeona ramu zilizofanya kutu ya kijani kwenye meno yake, zikasafishwa kwa kifutio cha penseli zikafufuka. Mashine ya kawaida naisafisha mara mbili kwa mwaka. Iliyokamuliwa ningeifungua kila baada ya miezi mitatu.

Ukiamua kukamua baada ya yote hayo, fanya kwa subira. Panda hatua ya megahezi 100 kila mara, volti usiguse mpaka mashine iombe, yaani mpaka ianze kuganda au kutoa skrini ya bluu. Kila hatua, endesha OCCT au Prime95 kwa saa nzima, mchana wa jua kali, milango ikiwa kama unavyoiacha siku zote, huku HWiNFO ikikuonyesha nyuzi. Prime95 ilitengenezwa kusaka namba tasa kubwa mno. Inajua jibu linapaswa kuwaje, hivyo prosesa ikikosea hesabu itakuambia hata kama mashine haijazima. Hilo ndilo jambo lenyewe. Skrini ya bluu si hatari kubwa, kwa sababu unaiona. Hatari ni prosesa inayokosea kimyakimya. Faili la utafiti la mwanafunzi linahifadhiwa likiwa limeharibika, au picha za harusi zinanakiliwa na mistari ndani yake, na harusi hairudiwi. Fungua pia kumbukumbu za matukio za Windows utafute neno WHEA. Ukiliona limejirudia baada ya kukamua, rudi nyuma hatua moja au mbili. Ukipata kasi ya juu kabisa inayopita jaribio, usikae hapo; shuka megahezi 100 au 200, uache akiba ya kaskazi.

Sasa upande wa pili wa mizani. Tuseme una laki mbili. Mashine yako ni ule mtumba wa ofisi na ndani ina diski ngumu (hadi diski) ya kuzunguka. Hadi diski inatumia kama milisekunde 10 kila inapotafuta kipande cha faili. SSD ya kawaida ya SATA haifiki hata sehemu ya kumi ya milisekunde moja. Kuwasha Windows, kufungua Word, kutafuta faili la mteja wa mwezi jana, vyote ni utafutaji wa aina hiyo, maelfu kwa maelfu. Prosesa ingekamuliwa mpaka iyeyuke, ingeendelea kuisubiri diski. SSD ya GB 256 unaipata kwa sehemu tu ya hela hiyo. Pasta ya joto na usafi ni elfu chache. Inayobaki, ongeza ramu kama una GB 4, maana Chrome yenye madirisha sita ya maombi ya ajira na ya mikopo ya wanafunzi inaimaliza GB 4 upesi, na ikiisha Windows inaanza kutumia diski badala ya ramu.

Ukiwa na zaidi ya hapo, nunua UPS kabla ya kitu kingine chochote. Gesi ya Songo Songo, hapo mbele ya macho yetu, inawasha mitambo ya Dar es Salaam tangu 2004, lakini sisi bado tunajua maana ya taa kufumba na kufumbua saa moja jioni. Umeme unaokatika katikati ya kuhifadhi faili unaharibu kazi, na unaporudi kwa kishindo unaua saplai. Na anayekamua ndiye anayeihitaji zaidi, tena kubwa zaidi.

Kuna na hili la umri. Microsoft ilisitisha huduma za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi kwa kawaida haipokei prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Zile K za mtumba zinazopatikana kwa bei rahisi, 2600K na 4790K, zote ziko nje. Mimi napenda vitu vinavyohama: SSD na UPS utazitoa uzitie kwenye mashine ijayo. Elfu hamsini ya kukamua haihami. Na ukumbuke njia yetu ni moja. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake vilipoikata barabara ya kusini pale Somanga, kipuri cha Kariakoo hakikupita. Ukiunguza mazabodi msimu kama huo, duka limefungwa.

Nani basi akamue? Kijana wa video, labda. Kazi yake kweli inaitegemea prosesa. Lakini hata yeye ahesabu: video inayotoka kwa dakika 40, ikiongezewa ile asilimia 12 na nusu, itatoka kwa dakika 35 na nusu kama mambo yote yatakwenda sawa. Akiwasha Quick Sync iliyomo kwenye prosesa nyingi za Intel tangu 2011, au kitengo cha video cha kadi ya Nvidia, atapunguza muda zaidi ya hapo bila kuongeza volti. Na kama mashine yake ni OptiPlex ya i5-3470, i7-3770 inaingia kwenye soketi ile ile, ina nyuzi kazi (threads) 8 badala ya 4, na inakula wati zile zile 77. Hilo ndilo ongezeko la kasi ninaloliamini.

Mwenye Ryzen ya kizazi cha 5000 namshauri aende kinyume kabisa: apunguze volti. Kwenye biosi kuna Curve Optimizer. Ukishusha kidogo kidogo, prosesa inapoa, na ikipoa inajipandisha kasi yenyewe. Ipimwe vile vile kwa OCCT, kwa sababu volti ikipungua mno nayo inaleta makosa. Hata watengenezaji wamepata somo la volti. Mwaka 2024 prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikiharibika kwa kuomba volti kubwa mno bila mtu kuzigusa, na kampuni ikatoa marekebisho ya biosi na kuongeza dhamana kwa miaka 2. Kama unayo mojawapo, sasisha biosi leo.

Shemeji hakutoa ile elfu hamsini. Aliongezea kidogo akanunua SSD. Wewe nawe, kabla fundi hajagusa mashine yako, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, usome jina la prosesa. Ikiwa ni ya Intel na haina K mwishoni, mshukuru fundi, umwombe akusafishie feni.