Mchoro Uliosahau Korongo: Faili Rejea katika Uchoraji wa Majengo kwa Kompyuta

Makala haya yanalenga kueleza dhana moja ya uchoraji kwa kompyuta ambayo, kwa maoni yangu, imepuuzwa na wanaistilahi wa Kiswahili ilhali wachoraji wetu wa majengo huitumia kila siku. Dhana yenyewe ni faili rejea la nje. Msomaji asiyewahi kuchora hata mstari mmoja asiogope, kwani bila shaka amewahi kufungua kamusi akakuta, mahali pa fasili, kifupisho "taz." na neno jingine. Kidahizo hicho hakibebi maana. Kinaelekeza tu mahali maana ilipo. Ukiuchana ule ukurasa mwingine, kidahizo kinabaki mkono mtupu.

Ndivyo lilivyo faili rejea. Katika AutoCAD, programu iliyotolewa na kampuni ya Autodesk mwaka 1982, mchoraji anaweza kuuita mchoro mmoja uonekane ndani ya mwingine bila kuunakili. Uwezo huo uliingia katika toleo la 11, mwaka 1990. Mpimaji ardhi huwa na mchoro wake wa kiwanja, msanifu majengo wake wa kuta, mhandisi wake wa mihimili. Mpimaji akisahihisha mpaka na kuhifadhi kazi yake, msanifu atakapofungua mchoro wake ataukuta mpaka umesahihishwa. Hata hivyo, ndani ya mchoro mwenyeji hamna mistari ya kiwanja. Mna njia tu, yaani jina la faili rejelewa na mahali lilipohifadhiwa.

Hatari ya jambo hili niliishuhudia Doldol, mji mdogo katika nchi kame ya Laikipia Kaskazini. Binamu yangu, mchoraji mjini Nanyuki, alinituma na flashi yenye mchoro wa bweni la wasichana niupeleke kwa kamati ya wazazi. Kompyuta tuliyochapishia ilionya kwamba kuna rejea lisilopatikana. Kijana aliyeishika akabofya na kuendelea, nami sikusema neno. Kuta zilitoka barabara. Kando yake palikuwa na mstari wa maandishi ulioanza kwa herufi D na nukta mbili, nikadhani ni anwani ya ofisi. Mafundi walikwisha kushika kamba na vigingi mzee mmoja wa kamati alipoitazama karatasi akaniuliza, "Kijana, na lile korongo mmelipeleka wapi?"

Korongo lilikuwa katika faili la mpimaji, na faili hilo lilibaki Nanyuki. Katika nchi ile korongo huweza kukaa kavu miezi mingi, kisha likajaa usiku mmoja. Msingi ukichimbwa ukingoni mwake, gharama ya kosa itawaangukia wanaolala ndani.

Chanzo kilikuwa aina ya njia. Njia kamili hutaja kila kitu, kuanzia diski, folda hadi faili. Ukihamia kompyuta nyingine, anwani hiyo haina mwenyewe. Njia tegemezi huhesabu kuanzia pale mchoro mwenyeji ulipo. Wanaisimu watakitambua kiashiria hapa: "hiki" hueleweka popote msemaji aendapo, mradi kitu chenyewe kiwe karibu naye. Kwa hiyo hata njia tegemezi isingetuokoa, kwa kuwa nilibeba faili moja tu. Ilinipasa kubeba folda nzima.

Kuhusu istilahi, Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilionyesha kwamba kompyuta yaweza kusema Kiswahili. Lakini hiyo ni programu ya ofisi, si ya mchora majengo. Napendekeza "kupachika" kwa rejea linaloandamana na mchoro mwenyeji hata huo nao unaporejelewa na mchoro wa tatu, na "kutandika" kwa lile linaloishia kwa mwenyeji wa kwanza. Kuliondoa rejea machoni kwa muda bila kulifuta kunanitatiza. "Kupakua" kungefaa, lakini neno hilo limekwisha kuchukuliwa na intaneti. Kwa sasa nasema "kuweka kando", na nitafurahi kusahihishwa.

Lipo pia tendo la "kufungamanisha", ambapo mistari ya faili rejelewa huingizwa moja kwa moja katika mchoro mwenyeji na uhusiano wa njia hukatwa. Masahihisho ya mpimaji hayatafika tena, lakini mchoro husafiri peke yake. Hivyo ndivyo binamu yangu alivyofanya alipokuja mwenyewe kesho yake. Katika orodha ya matabaka, mahali ambapo jina la faili la mpimaji lilikuwa likitenganishwa na jina la tabaka kwa kistari cha wima, sasa palikuwa na sifuri kati ya alama mbili za dola. Tulichapisha upya. Yule mzee alilifuata korongo kwa kidole kutoka pembe moja ya karatasi hadi nyingine, kisha akawaita mafundi. Vigingi viwili vilihamishwa.