Vipuri vya feri: Mombasa au ng'ambo?

Wakazi wa Mtongwe wanaufahamu msongamano wa feri. Aprili 29, 1994, feri iliyojaza abiria kupita kiasi ilizama hapo na kuua watu 272. Ndiposa feri moja ikilala gatini kwa kungoja kipuri, si jambo dogo, kwa kuwa umati huelekea kwa zilizobaki.

Kuchomelea na kukata mabamba ya chuma ni kazi ya mafundi wa Mombasa. Injini ni kisa kingine. MV Kwale na MV Likoni, zilizoletwa 2010, ziliundwa Ujerumani, nayo MV Jambo ya 2017 ikaundwa Uturuki. Sehemu za ndani hutafutwa kwa nambari ya kiwanda, na za ng'ambo huchelewa njiani na bandarini.

Cha dukani huweza kupatikana siku hiyo hiyo na kwa bei nafuu, ila kikiwa bandia, injini huenda ikazimika katikati ya mkondo wa Kilindini, mbele ya meli za mizigo. Afadhali vichujio na mipira ya kuzuia mafuta, vinavyochakaa kwa muda unaojulikana, viagizwe mapema na kuwekwa ghalani.