Mwalimu wa Biolojia Anapokuwa Mtafiti

Mwanafunzi wa sekondari anapofika mada ya urithi wa sifa, hukutana na jina la Gregor Mendel. Wengi hukumbuka njegere zake. Wachache hukumbuka kwamba alikuwa padre Mwagustino, na wachache zaidi kwamba alikuwa mwalimu. Alifundisha sayansi shuleni mjini Brno, huku akipanda njegere katika bustani ya monasteri kuanzia mwaka 1856 hadi 1863. Matokeo aliyachapisha mwaka 1866. Kwa Mendel, kufundisha na kutafiti havikugombana.

Leo kazi hizo mbili mara nyingi zimetengana: mtafiti yuko chuoni, mwalimu yuko darasani na kitabu cha kiada. Nchini Marekani, National Science Foundation hugharimia mipango inayoziba pengo hilo. Wakati wa likizo ndefu, mwalimu wa shule huingia maabara ya chuo kikuu kwa majuma kadhaa. Hapewi semina ya kusikiliza. Hupewa swali ambalo jibu lake halijulikani bado, akapima, akakosea, akarudia, akaandika. Kisha hurudi shuleni na somo alilolitengeneza kutokana na kazi hiyo.

Faida yake ni nini? Tukumbuke kisa cha Mtanzania Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi Magamba, aliona maziwa yake ya moto yakiganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake wakamcheka, lakini Osborne alikwenda kulijaribu jambo lenyewe. Mwaka 1969 makala yao wawili ilichapishwa, na hadi leo wanasayansi wanaijadili. Osborne hakuwa na jibu, alikuwa na mazoea ya kusema, “Tupime.” Mazoea hayo hayapatikani kwa kukariri.

Kwetu Dodoma jambo hili ni la uhai. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu katika mahindi na karanga zisizokaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Kuipika hakuiondoi. Mwalimu aliyewahi kuifuatilia maabara anaweza kuwafundisha wanafunzi kipimo rahisi: weka mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, funika, tikisa, acha yatulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, hayafai kuwekwa ghalani. Na mwalimu huyo huyo atajua kuongeza onyo: chumvi isiponata, tumejua kwamba mahindi ni makavu, hatujajua kwamba hayana sumu. Sumu hupimwa maabara. Kutofautisha kilichothibitishwa na kinachodhaniwa tu ndiyo sayansi, na sisi wa falsafa tunaitambua kazi hiyo.

Vifaa vya kuanzia havipo mbali. Chuo Kikuu cha Dodoma kina maabara. Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu. Hapa Kizota yapo maghala ya Taifa ya chakula, ambako unyevu wa nafaka ni suala la kila msimu. Tayari serikali ina mpango wa MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Siku chache za utafiti halisi zingeuongezea nguvu.

Ila tusiwatwike walimu mzigo mwingine. Likizo ya Juni ndiyo nafasi yao ya kuvuna na kukaa na familia. Anayeombwa kuitoa apewe nauli, chakula na posho. Shule zetu za Kanisa, pamoja na parokia zinazozitegemeza, zinaweza kuanza kidogo: mwalimu mmoja, majuma mawili, swali moja kuhusu chakula tunachokula. Akirudi, asikilizwe darasani, na pia katika jumuiya ndogondogo, kwa kuwa mahindi yanahifadhiwa nyumbani.