Mashine isiguswe bila sababu

Kwenye viwanda vya unga, mashine mbovu si chanzo pekee cha hasara. Mashine nzima inayoguswaguswa nayo inakula fedha. Pakiti ya kilo 2 ikitoka na gramu 1,994, fundi wa zamu anaongeza kidogo. Inayofuata ikiwa 2,009, anapunguza. Zamu inapoisha, uzito umeyumba kuliko kama angekaa akanywa chai yake.

Dawa yake ni ya zamani. Mei 1924, Walter Shewhart, mwanafizikia aliyeajiriwa na Western Electric, kampuni ya vifaa vya simu huko Marekani, alimpelekea mkuu wake waraka wa ukurasa mmoja wenye mchoro. Hoja yake: kila mtambo huyumba kwa kawaida yake, na kuyumba huko hakuondoki kwa kuhangaika na skrubu. Kuna kuyumba kwingine kwenye sababu maalumu, kama vali iliyoziba au mahindi yenye unyevu mwingi. Huko ndiko kwa kusakwa. Mwaka 1950 W. Edwards Deming aliwafundisha Wajapani elimu hiyo, nao hawakuichezea.

Chati yenyewe, ule mchoro wa Shewhart, haina makuu. Kila saa mkaguzi anapima pakiti tano, anatafuta wastani na kuweka nukta. Katikati pana mstari wa wastani wa muda mrefu. Juu na chini kuna vikomo, kila kimoja umbali wa mikengeuko sanifu mitatu. Vikomo havipangwi na mkurugenzi wala shirika la viwango, vinakokotolewa kutoka vipimo vya mtambo wenyewe. Wengi hukosea hapa: wanachora matakwa ya mteja, kisha wanalalamika kwamba chati haina faida. Nukta ikivuka kikomo, sababu itafutwe mara moja. Hata zikiwa ndani, nukta nane mfululizo upande mmoja zinaonyesha kuna kitu kimehama.

Kwa mhasibu, hesabu ni hii: kiwanda kinachoogopa kupunja hujaza zaidi. Gramu 10 za ziada kwenye pakiti 20,000 kwa siku ni kilo 200, yaani pakiti 100 zinazotoka getini bila kulipiwa. Kuyumba kukipungua, ujazo unaweza kushushwa bila kuvunja sheria ya vipimo.

Mizani za kisasa hujichorea chati kwenye skrini, ingawa karatasi ya miraba na penseli vinatosha kuanzia, mradi anayeweka nukta awe ndiye anayeendesha mashine. Chati ikijazwa ofisini mwisho wa wiki, vali iliyoziba Jumatatu itajulikana Ijumaa, unga ukiwa umeshafika madukani.