Radi Inapoingia Kwenye Nyaya

Haya wanangu, sogeeni. Mvua za Mtwara zikianza mwishoni mwa mwaka, mawingu meusi hujikusanya juu ya mdomo wa Ruvuma, na bibi hupiga kelele: chomoeni televisheni! Mbona radi yenyewe imepiga nguzo ya mbali, huko kwenye mikorosho?

Tupige hesabu. Radi ya kawaida hubeba ampea kama 30,000. Ikishukia waya hugawanyika, nusu huku na nusu kule: 15,000 kila upande. Waya wa juu ya nguzo huikabili kwa omu kama 400. Zidisha. Volti milioni 6! Na laini kubwa za vijijini zimezoea volti 33,000 tu. Vile vikombe vinavyoshikilia waya hushindwa, umeme unaruka na kushukia ardhini, laini inajizima, na mtaa mzima unalalamika kwamba umekatika.

Kinachobaki hukimbilia transfoma inayoleta umeme nyumbani, mita 300 hivi kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mmewahi kuona wimbi likigonga ukuta wa bahari pale Mikindani? Hurushwa juu. Volti nazo zikigota kwenye transfoma hupanda karibu maradufu.

Wahandisi hawakai kuisubiri radi. Huichora laini nzima ndani ya kompyuta, nguzo kwa nguzo, kisha huipiga kwa radi ya hesabu. Hermann Dommel, Mjerumani, alitunga programu ya namna hiyo katika miaka ya 1960. Mimi napenda zaidi wanapofika kwenye udongo: mchanga mkavu wa pwani hupokea umeme kwa shida, tope la mikoko huupokea kwa urahisi, na namba hiyo moja ya udongo ikibadilika, karibu majibu yote hubadilika.

Jibu moja halibadiliki: kinga radi ikae ubavuni mwa transfoma, si nguzo mbili nyuma, wimbi lisipate nafasi ya kupanda. Tazameni juu mkipita. Ni vijiti vitatu vyenye pete pete, ndani mna oksidi ya zinki. Siku za kawaida huziba njia. Volti zikizidi hufungua, zinateremka kwa waya hadi ardhini, kisha huziba tena.

Waya huo wa kushuka mara nyingi ni wa kopa, na wezi wanaujua. Ukikatwa, transfoma imebaki uchi. Mkiuona umekatwa msiuguse kabisa; mwambieni mtu mzima awapigie TANESCO, shirika la umeme, kabla mvua haijafika.