Dawa za TB Zisikatike Njiani

Ndugu zetu wa vikundi, TB, yaani kifua kikuu, hutibiwa kwa kumeza dawa kila siku kwa miezi 6: aina 4 kwa miezi 2, halafu aina 2 kwa miezi 4. Lakini mvua ikinyesha upande wa Merti, mchungaji anafuata mifugo, na kadi yake inabaki kliniki. Nani atamtafuta? Nesi anadhani mhudumu wa afya wa kijiji anajua. Mhudumu naye anadhani nesi alishampa barua. Basi mtu anapotea, na ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu.

Kule Wajir, kuanzia 1976, Annalena Tonelli aliwaweka wagonjwa wa kuhamahama kwenye manyatta hadi wamalize dawa. Siku hizi wengi humeza nyumbani, kwa hivyo wahudumu lazima wapashane habari. Mgonjwa akihama, nesi ampe barua na dawa za kumfikisha, mhudumu amjulishe mwenzake wa huko. Na nyinyi ndio mnajua mapema nani anafunga mizigo, wambieni. Jina la kisima anakoenda kunywesha liandikwe pia, maana malishoni simu haishiki kila mahali.