Kura si ya Mwenye Kura Peke Yake



Kila uchaguzi unapokaribia, huku kwetu Kichiwa twaulizwa swali lile lile, tena na wakristo wema: "Padre, mgombea akinipa kilo ya sukari nikaipokea, kisha nikampigia kura mwingine, nimekosa nini?"

Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, twasoma habari za Abimeleki. Alipoutaka utawala, aliwaendea ndugu za mama yake huko Shekemu, akawakumbusha kwamba yeye ni damu yao. Nao wakamkubali kwa sababu hiyo tu. Wakampa vipande 70 vya fedha kutoka hekalu la mungu wao, naye akawaajiri wahuni, akawaua wana wa baba yake. Angalieni fedha hiyo ilitoka wapi: haikuwa ya mfukoni mwa mtu, ilikuwa ya mji mzima. Baada ya miaka mitatu akaubomoa mji ule ule na kuutia chumvi.

Nchini mwetu jambo hili lilipata hata kibali cha sheria. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, na ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, ulioitwa takrima, ukawa hauhesabiwi tena kuwa rushwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake wakalipeleka shauri Mahakama Kuu, nayo mwezi Aprili 2006 ikatamka kwamba vifungu vile vyapingana na Katiba: vyambagua mgombea asiye na mali, wala mpaka kati ya takrima na rushwa hauonekani. Tukiri kwamba baadhi yetu wahubiri tulikuwa tumelipita jambo hilo kimya kimya.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, wafundisha kuwa kura ni haki na pia ni wajibu, nayo itumike kwa manufaa ya wote. Wote, si wengi tu. Mtoto wa darasa la pili hana kura. Mama mjamzito wa kitongoji cha mbali, abebwaye kwa machela usiku wa masika kwa kuwa gari halipiti, huenda hata hakujiandikisha. Hao nao wamo katika karatasi tuitumbukizayo sandukuni. Kumchagua ndugu afaaye si kosa. Kosa ni kumchagua kwa undugu wake.

Basi, aliyeipokea sukari amekosa nini? Ameacha aaminiwe kwa ahadi asiyokusudia kuitimiza. Tena, na hili ndilo zito, amemfundisha mgombea kwamba kura ya kijiji ina bei. Safari ijayo huyo hatakuja na mpango wa barabara, atakuja na mfuko mkubwa zaidi. Na mnyofu asiye na cha kugawa hatachukua fomu.

Twawaomba makatekista waisome sura hiyo katika jumuiya ndogo ndogo wiki hii, mistari yote 57, wasiishie kwenye mfano wa miti.